Uvira: historia ya watu wanaochunguza wanyama wakiwa mjini

Msimu wa mvua ukifika, wakaaji wa kando ya ziwa hapa Uvira wanajua kutazama chini asubuhi kabla ya kutoka nyumbani. Nyayo pana zenye vidole vinne zinaonyesha kama kiboko alipita usiku. Swali linalorudi kila mara ni hili: kwa nini wanyama wanaingia mjini?

Kuna watu katika mji huu ambao kazi yao ni kujibu maswali kama hayo. Wengi wetu tunadhani mtaalamu wa wanyama lazima akae porini, Virunga au Kahuzi-Biega. Lakini Uvira ina kituo cha utafiti wa maji na viumbe vyake, kinachojulikana kwa kifupi CRH, na historia yake inaanza wakati wa ukoloni. Mwaka wa 1947 Wabelgiji waliunda taasisi ya utafiti iliyoitwa IRSAC, yenye makao makuu Lwiro, kaskazini ya Bukavu. Uvira ikapata kituo chake kwa ajili ya ziwa. Baada ya uhuru majina yalibadilika, lakini kazi ilibaki ileile: kupima maji, kuhesabu samaki na kuandika kwenye daftari.

Tangu mwisho wa miaka ya 1970, watafiti kutoka Japani, wakiongozwa na Hiroya Kawanabe wa Chuo Kikuu cha Kyoto, walikuja kufanya kazi pamoja na Wakongomani. Majina ya wenzetu Masta Mukwaya Gashagaza na Muderhwa Nshombo yanasomwa mpaka leo katika maandishi ya kisayansi ya ulimwengu. Walizama majini kando ya mwambao wetu, mwaka baada ya mwaka, kutazama samaki wanavyoishi.

Tunda moja la kazi hiyo lilitoka mwaka wa 1993, wakati Michio Hori alipoeleza habari za samaki anayekula magamba ya wenzake, Perissodus microlepis. Wengine mdomo wao umepinda kuelekea kulia, wengine kushoto. Aliyepinda kulia hushambulia ubavu wa kushoto wa samaki mwingine, na wa kushoto hufanya kinyume. Kundi moja likizidi, samaki wanaoliwa huzoea kulinda ubavu ule, na kundi lililo dogo hupata chakula kwa urahisi. Hivyo makundi mawili hupokezana kuwa wengi. Jambo hilo haliwezi kuonekana kwa safari ya wiki mbili. Lilihitaji watu wanaokaa karibu na ziwa na kurudi kila mwaka.

Kisha vita vya 1996 vikafika. Wajapani waliendelea na kazi yao Mpulungu, Zambia. Wakongomani hawakuwa na pa kuhamia. Kituo chao kilikuwa katika mji wao wenyewe.

Sasa turudi kwa kiboko. Daftari za ziwa zinaonyesha kwamba Tanganyika haikai mahali pamoja. Miaka ya 1870 maji yalikuwa juu sana, hadi mto Lukuga ulipofungua njia, na ziwa likashuka karibu mita 10 katika miaka iliyofuata. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mvua kubwa zililipandisha tena, mpaka kilele cha 1964. Kisha likashuka polepole, na sisi tukajenga mahali lilipoacha. Mwaka wa 2020, 2021 na 2024 lilipanda tena, likaingia katika nyumba na barabara.

Kiboko hukaa majini mchana na usiku hupanda nchi kavu kutafuta majani, hata kilo 40 kwa usiku mmoja. Maji yakisogea, naye anasogea. Malisho yakigeuzwa kuwa viwanja, anapita kati ya nyumba. Kwa hiyo jibu la swali letu ni chungu kidogo: mji ndio uliomfuata mnyama, na watoto wetu ndio wanaokutana naye gizani.

Ndiyo sababu daftari lile si mali ya wasomi peke yao. Kiwanja kinapouzwa kando ya maji, mnunuzi angepaswa kujua ziwa lilifika wapi mwaka wa 1964. Wazee wetu wengine wanakumbuka, watafiti wameandika. Anayehesabu samaki na kupima maji bila vifaa vya kutosha anatulinda kabla ya hatari kufika, na mwaka ambao haukupimwa haurudi tena.

Tusingoje nyayo mlangoni. Kabla ya kununua kiwanja, tuwaulize wazee, kisha tubishe hodi kituoni.