Harambee iko baharini, wasee

Huku Litein ukisema harambee, watu wanashika mifuko: kuna karo inachangwa, na bonasi ya chai ndiyo imeingia. Kumbe ni jina la manowari pia, tena mara mbili! Harambee ya kwanza iliundwa Uingereza, ikajiunga na Jeshi letu la Wanamaji miaka ya 1970 pamoja na wenzake Madaraka na Jamhuri. Hii ya pili, KNS Harambee II, ilikuwa La Rieuse, yaani Mwenye Kucheka. Ufaransa ilitupatia 2011, ikiwa imetumika zaidi ya miaka 20.

Sasa mniambie. Harambee si ni sisi kuchanga? Hii tulipewa, tukaipaka jina. Nilipomsimulia kogo, nyanya yangu, aliuliza tu: “Na sisi tulitoa ngapi?”