Kijiji cha Kreisau na Wenye Milki Yake

Historia ya kijiji cha Kreisau, katika Silesia, yatuonyesha kwamba ardhi hubaki, bali wenyewe hupita. Mwaka 1867 Jemadari Helmuth von Moltke alilinunua shamba lake kwa tuzo aliyopewa na Prussia baada ya kuishinda Austria. Mrithi wa ukoo wake, Helmuth James, aliwakutanisha huko mara tatu, mwaka 1942 na 1943, wapinzani wa Hitler. Akanyongwa tarehe 23 Januari 1945. Baada ya vita Silesia ikawa ya Poland, Wajerumani wakaondoshwa, shamba likawa mali ya serikali, na kijiji kikaitwa Krzyżowa. Tarehe 12 Novemba 1989 Kohl na Mazowiecki walihudhuria humo misa ya upatanisho. Leo vijana wa mataifa hukutana hapo. Mwandishi atumiaye jina moja tu ataandika nusu ya habari.