Kisanduku cha Buluu cha Stanford

Hadithi inayosimuliwa zaidi kuhusu kuzaliwa kwa ruta ni ya mapenzi. Leonard Bosack alisimamia kompyuta za idara ya sayansi ya kompyuta pale Chuo Kikuu cha Stanford, California. Mkewe, Sandy Lerner, alisimamia zile za shule ya biashara ya chuo hichohicho. Mitandao yao haikuelewana, basi, wanasema wasimulizi, wawili hao wakabuni chombo cha kuwawezesha kuandikiana barua pepe, na mwezi Desemba 1984 wakaanzisha kampuni ya Cisco. Ni hadithi tamu, lakini inamfuta William Yeager, na hilo si haki.

Yeager alikuwa mtaalamu wa programu katika shule ya tiba ya Stanford. Mnamo mwaka 1980 alipewa kazi ya kuunganisha mtandao wa shule hiyo na ile ya idara nyingine za chuo. Wakati huo Xerox ilikuwa imekipatia chuo kompyuta zake za Alto pamoja na nyaya za Ethernet ya majaribio, iliyokwenda kwa kasi ya takriban megabiti 3 kwa sekunde. Kila idara ilikuwa inajijengea mtandao wake, na mashine za makampuni tofauti zilitumia itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, tofauti.

Kuunganisha mitandao miwili inayopakana hakuhitaji akili nyingi. Unaweka kati yake kompyuta moja iliyoshika nyaya zote mbili, yaani lango, ambalo leo huitwa ruta; pakiti (kipande cha data) ikiingia upande huu, inatolewa upande wa pili. Utata unaanza mtandao wa tatu unapoongezeka, kisha wa nne na wa tano. Lango lililo shule ya tiba halijagusana na mtandao wa uhandisi. Litajuaje kwamba pakiti ya uhandisi ipitie idara ya kompyuta? Na waya wa huko ukikatika, izungukie wapi?

Watafiti wa Xerox mjini Palo Alto walikuwa wameshapata jibu katika mfumo wao uitwao Pup: malango yaambizane. Kila lango huwatangazia jirani zake, tena na tena, mitandao linayoweza kuifikia na idadi ya malango yaliyo njiani. Jirani akisikia, anaongeza moja kwenye hesabu hiyo, analinganisha na njia anazozijua, anashika iliyo fupi, kisha naye anatangaza. Jirani akinyamaza muda mrefu, njia zinazopitia kwake zinafutwa. Hakuna mkubwa anayeshika ramani nzima, na kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo uzuri wa wazo hili.

Udhaifu wake ni kwamba habari mbaya husafiri polepole. Mtandao ukikatika, malango mawili yanaweza kuendelea kuelekezana, kila moja likiamini mwenzake ana njia, huku hesabu ikipanda bila mwisho. Ndiyo sababu itifaki ya RIP, iliyotokana na kazi hiyo ya Xerox na kuandikwa rasmi mwaka 1988, iliweka kikomo: hesabu ikifika 16, mtandao huo huhesabiwa kuwa haufikiki.

Yeager hakuwa wa kwanza kuandika programu ya lango. Katikati ya miaka ya 70 Virginia Strazisar wa kampuni ya BBN alikwisha kuandika moja, na tarehe 22 Novemba 1977 malango yalipitisha pakiti kutoka gari lililokuwa barabarani California, kwa redio, kwa mtandao wa ARPANET na kwa setilaiti hadi Ulaya na kurudi Marekani. Mchango wa Yeager ulikuwa mwingine. Alianza na Pup kwenye kompyuta ndogo ya PDP-11, kisha akaongeza itifaki ya IP na nyinginezo, hadi kisanduku kimoja kikaweza kuelekeza pakiti za itifaki kadhaa kwa pamoja. Kwa chuo kilichojaa mashine za kila aina, hiyo ndiyo iliyokuwa haja.

Programu hiyo ilihamishiwa kwenye ubao wa kompyuta uliosanifiwa na Andy Bechtolsheim, mwanafunzi wa uhandisi wa umeme hapohapo. Mashine iliyopatikana ikaitwa, kwa rangi ya kasha lake, Kisanduku cha Buluu, ikasambaa katika majengo ya chuo.

Bosack na Lerner waliona kile ambacho chuo hakikukiona: kwamba vyuo na makampuni mengine yalikuwa na shida ileile na yangelipa. Bosack, pamoja na mwenzake wa chuoni Kirk Lougheed, waliiboresha programu ya Yeager, wakaacha kazi chuoni mwaka 1986. Kuuza kitu ambacho watu hawajajua wanakihitaji ni kazi ngumu, na sifa hiyo ni yao kwa haki. Lakini mwaka 1987 Stanford iliipa Cisco leseni ya programu ya ruta na mbao mbili za kompyuta. Leseni hiyo yenyewe inaonyesha chimbuko la mali lilikuwa wapi.

Cisco iliingia soko la hisa Februari 1990. Agosti mwaka huohuo Lerner aliachishwa kazi, na mumewe akajiuzulu. Yeager hakuwahi kuhamia huko. Alibaki Stanford hadi miaka ya 90, ndipo akajiunga na Sun Microsystems, kampuni ambayo Bechtolsheim alishiriki kuianzisha mwaka 1982.