Toyota Mark X: Kwa nini wamiliki hawakubaliani kuhusu uimara wake

Ukitaja Mark X gereji, kijiweni au mbele ya duka la spea, hutapata jibu moja. Mmoja atakwambia ana miaka sita nalo na injini haijawahi kufunguliwa. Mwingine atakwambia aliliuza kwa hasara kabla ya mwaka kuisha, akarudi kwenye Corolla na sasa analala usingizi. Mada hii ikipita hewani, simu hazikatiki, na wanaopiga huongea kwa hasira kana kwamba wanatetea timu.

Kwa anayefikiria kuchukua mkopo wa SACCOS aununue usafiri huu, ubishi huo haumsaidii. Anachohitaji kujua ni kwamba wabishani hao wawili wanaweza wote kuwa wanasema kweli, kwa sababu mara nyingi hawazungumzii gari lilelile.

Gari lenyewe

Mark X lilianza kuuzwa Japani mwaka 2004 kuchukua nafasi ya Mark II, jina lililokuwapo tangu mwaka 1968. Ni saluni ya ukubwa wa kati: urefu wa toleo la kwanza ni milimita 4,730, injini ina silinda 6 zilizopangwa kwa umbo la V, na nguvu huenda kwenye matairi ya nyuma, ingawa yapo pia yanayovuta kwa matairi yote manne. Toleo la pili lilitoka mwaka 2009, na utengenezaji ukakoma mwaka 2019. Kwa hiyo Mark X "jipya" halipo tena duniani. Linaloitwa jipya hapa kwetu ni lile lililoshuka bandarini juzi na kupewa namba E. Namba hiyo inaonyesha lini lilisajiliwa Tanzania. Haisemi lolote kuhusu umri wake.

Sehemu ya lawama inatokana na urithi. Wengi walionunua Mark X walitoka kwenye GX100 na GX110, zile Mark II zenye injini ya 1G-FE, silinda 6 za kunyooka, lita 2.0. Injini ile ilivumilia karibu kila kitu: oili nzito, petroli ya kwenye madumu, fundi wa chini ya mwembe. Walipoona nembo ileile ya Toyota na umbo la kifahari zaidi, walitarajia uvumilivu uleule. Mark X halikujengwa hivyo.

Jina moja, injini tofauti

Toleo la kwanza lina injini mbili, lita 2.5 (4GR-FSE) na lita 3.0 (3GR-FSE). La pili lina lita 2.5, ambayo ni 4GR-FSE iliyorekebishwa, na lita 3.5 (2GR-FSE). Halafu kuna Mark X Zio la mwaka 2007, ambalo limepewa jina tu. Lile ni gari la familia linalovuta kwa matairi ya mbele, na la lita 2.4 linatumia injini ya 2AZ-FE, isiyo na undugu na hizi za V6. Anayesema "Mark X linakula oili" huku akiendesha Zio anasema habari ya gari lingine kabisa.

Mpaka nao una mchango wake. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8, kwa hiyo yanayoingia huko miaka hii ni ya toleo la pili. Tanzania huruhusu magari ya zamani zaidi kwa kutoza ushuru wa ziada wa uchakavu, na ndiyo maana ya mwaka 2005 na 2006 bado yamejaa barabarani kwetu. Mtu wa Nairobi na mtu wa Mbeya wakibishana kwenye simu, kati ya magari yao kunaweza kuwa na miaka kumi.

Herufi mbili za mwisho

Kiini cha ubishi kipo kwenye herufi "SE" mwishoni mwa jina la injini. Kwenye injini za Toyota, herufi E hueleza kwamba petroli hupulizwa kwa nozeli zinazoendeshwa kwa umeme, na S ikiwa mbele yake, kwa injini hizi, huonyesha kwamba petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Mfumo huo Toyota iliuita D-4, na ulianza kwenye Corona Premio mwishoni mwa mwaka 1996. Wamiliki wa Brevis na Verossa wanalijua jina hilo vizuri. Ndilo lililoshusha bei ya magari yao sokoni.

Kwenye injini ya kawaida, nozeli hupuliza petroli nyuma ya valvu ya kuingiza hewa. Petroli ni kiyeyushi, hivyo kila inapopita huiosha valvu. Kwenye D-4 petroli haipiti hapo kabisa. Valvu hupitiwa na hewa, pamoja na mvuke wa oili unaorudishwa kutoka kwenye tumbo la injini ili uchomwe. Mvuke huo hugusa valvu yenye moto, hukauka na kuacha utando mweusi. Miaka ikipita utando unakuwa gamba la kaboni, hewa inaingia kwa shida, na silinda hazipati kiasi sawa.

Dalili yake inajulikana: asubuhi injini ikiwashwa ikiwa baridi hutetemeka, sailensa haitulii, gari linamisi na kukosa nguvu kwenye mlima. Likipimwa kwa mashine huonyesha namba P0300, yaani silinda zinakosa kuchoma bila mpangilio, au P0301 hadi P0306 kutegemea silinda yenyewe. Hapo ndipo pesa huanza kupotea. Fundi anabadili plagi zote 6. Haisaidii. Anabadili koili. Mwezi mmoja kimya, kisha linarudi. Mwenye gari anaapa kwamba Mark X ni ugonjwa, na kwa hesabu ya mfuko wake hakosei. Kumbe tatizo liko kwenye valvu, ambako hakuna aliyetazama.

Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu linauzwa kila kituo cha mafuta: dawa ya kusafisha mfumo unayomimina kwenye tangi haiwezi kuondoa kaboni hiyo. Inasafiri na petroli, na petroli haifiki pale. Inaweza kusaidia nozeli, basi. Kaboni ya valvu huondolewa kwa kufungua manifoldi na kuisafisha valvu yenyewe, kwa kiyeyushi na kusugua, au kwa mashine ya kupulizia punje laini kwa gereji iliyo nayo. Ni kazi ya fundi mwenye subira, siyo ya saa moja.

Wala hili si neno la kijiweni tu. Injini hiyohiyo ya 4GR-FSE ilifungwa kwenye Lexus IS 250 iliyouzwa Marekani, nchi yenye petroli safi na gereji za kampuni, na wamiliki wa kule nao walilalamikia mtetemo na kaboni. Lexus ilitoa maelekezo kwa mafundi wake ya kusafisha kaboni hiyo na, kwa baadhi ya injini, kubadili pistoni na ringi. Anayesema "ni mafuta yetu machafu tu" anasema nusu ya habari.

Injini ya lita 3.5 iko tofauti. 2GR-FSE ina nozeli 12, mbili kwa kila silinda: moja ndani ya silinda na nyingine nyuma ya valvu kama zamani. Toyota iliuita mfumo huo D-4S. Valvu zinaoshwa, na kero ya kaboni hupungua sana. Kwa hiyo mwenye 3.5 anayemcheka mwenye 2.5 ana sababu, ila akumbuke kwamba ushuru na petroli anayolipa navyo ni vya lita 3.5.

Oili ndogo, oili nzito

Makosa mawili hurudiwa mno. La kwanza ni kiasi. 4GR-FSE inahitaji zaidi ya lita 6 za oili ikibadilishwa pamoja na filta. Galoni ya lita 4 haitoshi, na ya lita 5 haitoshi. Wapo wanaomwaga oili ya zamani, wanaweka galoni moja na kuondoka, kwa sababu ndivyo walivyozoea kwenye gari la silinda 4. Injini inabaki na kiu, oili kidogo inachemka haraka, na mvuke unaokwenda kwenye valvu unaongezeka.

La pili ni uzito. Injini hii imetengenezewa oili nyepesi, za namna ya 5W-30, kwa sababu mfumo wake wa VVT-i unasukumwa na oili inayopita kwenye njia nyembamba. Bado kuna mafundi wanaoamini kwamba nchi ya joto inataka oili nzito ya 20W-50. Ilikuwa sawa kwa injini za baba zetu.

Giaboksi nayo ina masharti yake. Ile ya gia 6 inatumia mafuta ya Toyota yaitwayo WS, na haina kijiti cha kupimia. Kiwango hupimwa kwa kufungua kizibo chini gari likiwa kwenye joto maalumu. Mafuta mekundu ya bei rahisi yakiwekwa humo, gia huanza kugonga wakati wa kubadilika.

Petroli na barabara

Kuhusu ulaji wa mafuta sina mengi. Ni V6, na foleni ya mjini haina huruma nayo. Ukitaka ukweli wa gari lako usitazame dashibodi: jaza tangi hadi juu, endesha, jaza tena palepale, kisha gawanya kilomita kwa lita ulizoongeza. Kilomita 320 kwa lita 40 ni kilomita 8 kwa lita. Fanya hivyo mara tatu kabla ya kubishana na mtu.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji. Lita 2.5 ya toleo la kwanza ilipangiwa petroli ya daraja la juu ya Japani. Kwenye toleo la pili Toyota iliirekebisha itumie petroli ya kawaida, na nguvu ikashuka kutoka farasi 215 hadi 203. Anayesema la zamani "lina mbio zaidi" hajakosea kwenye karatasi. Lakini injini iliyopangiwa daraja la juu ikipewa la chini hujirekebisha yenyewe isigonge, na katika kujirekebisha hupoteza nguvu na kula zaidi.

Barabara ndiyo inayoamua mengine. Mark X liko chini, na miguu yake ina mikono na bushi nyingi zinazolipa ulaini wake kwenye lami. Mtu anayekwenda Iringa na kurudi kwa lami atazisahau bushi hizo. Mwenye kilomita 10 za makorongo kutoka nyumbani hadi lami atazijua kwa majina. Hapo gari halina kosa, ila malalamiko yake utayasikia yakihesabiwa kama ubovu.

Kabla ya kulipa

Magari mengi ya Japani hupita mnadani, na kila moja huwa na karatasi ya mnada yenye alama ya hali yake na kilomita zake. Mwombe muuzaji karatasi hiyo na ulinganishe na dashibodi, maana kilomita hurudishwa nyuma. Alama ya R maana yake gari limewahi kugongwa na kutengenezwa. Kwa lililokwisha tumika hapa nchini, uliza limewekwa oili gani, lini, lita ngapi. Anayejibu lita 4 amekwisha kukueleza historia ya injini.

Angalia pia chini ya pampu ya maji kama kuna alama za maji ya rangi ya waridi yaliyokauka. Pampu hizi huvuja zikichoka, na injini ya aluminiamu ikichemka gharama yake ni nyingine kabisa.

Kisha kipimo kisichohitaji mashine. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Fika asubuhi, gusa boneti, iwe baridi. Washa, usikanyage mafuta, kaa kimya dakika mbili. Sailensa itapanda kidogo halafu ishuke na kutulia. Likitetemeka, au taa ya injini ikiwaka, omba lipimwe kwa mashine, na gharama ya kufungua manifoldi na kusafisha valvu itoke kwenye bei. Na ukikuta boneti ina joto, muage kwa heshima umwambie utarudi kesho asubuhi.