Taa na Jogoo: Lugha katika Kura ya Maoni ya Malawi ya 1993

Nchi ya Malawi ilipata uhuru wake tarehe 6 Julai 1964. Mwaka 1966 ikawa jamhuri yenye chama kimoja tu, Malawi Congress Party, na mwaka 1971 Daktari Hastings Kamuzu Banda akafanywa Rais wa maisha. Tangu hapo hadi mwaka 1993 raia wa nchi hiyo hakuulizwa kama ataka utawala ule au hautaki. Wanaoeleza jinsi alivyoulizwa hatimaye hutaja kwisha kwa vita baridi, na wafadhili waliozuia misaada yao Mei 1992. Sababu hizo ni za kweli, lakini hazitoshi. Utawala wa Banda ulisimama juu ya mamlaka ya maneno, na ulianza kutikisika siku maneno yalipouponyoka.

Mamlaka hayo yalikuwa na misingi iliyo wazi. Mwaka 1968 mkutano mkuu wa chama uliamua kwamba Kinyanja kiitwe Kichewa, nacho kiwe lugha ya taifa. Kitumbuka, lugha ya wengi wa kaskazini, kikaondolewa redioni, magazetini na shuleni. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kukagua vitabu, michezo na sinema. Ajabu ni kwamba mtu yule aliyekiinua Kichewa hakuwahutubia watu wake kwa Kichewa: alisema Kiingereza, na mkalimani akatafsiri. Wala mtu hakuweza kugombea ubunge pasipo kupimwa Kiingereza chake. Basi lugha ya wananchi ilitukuzwa kama pambo, huku lugha ya kuamulia mambo ikiwekwa mbali nao.

Wenye kazi ya maneno ndio walioonja mapema ukali wa hali hiyo. Kanyama Chiume, waziri aliyefarakana na Banda mwaka 1964, alikimbilia Tanzania, nchi aliyosomea utotoni, na huko akaandika vitabu kwa Kiswahili, mojawapo hadithi ya Dunia Ngumu. Jack Mapanje, mshairi na mwanaisimu aliyepata udaktari wake London, alitiwa kizuizini Septemba 1987, akakaa humo hadi Mei 1991 pasipo kushtakiwa kwa kosa lolote.

Kimya kilivunjwa tarehe 8 Machi 1992, Dominika ya kwanza ya Kwaresima, waraka wa maaskofu saba wa Kanisa Katoliki uliposomwa katika parokia zote za nchi. Waraka huo haukudai vyama vingi. Ulitaja hali mbaya ya hospitali na shule, mishahara duni, watu kufungwa bila ya haki, na hofu ya kusema. Tena ukaeleza kwamba hakuna mtu aliyehodhi hekima yote. Wachewa wana methali ya kale isemayo kwamba kichwa kimoja hakibebi paa. Kwa hiyo waliousikia waraka hawakuhitaji mkalimani. Uzito wake ulikuwa pia katika namna ya kutolewa: haukubaki katika Kiingereza cha wasomi, bali ulifasiriwa kwa lugha za wenyeji, ukasomwa kwa sauti, siku moja, mbele ya wajuao kusoma na wasiojua. Serikali iliutangaza kuwa maandishi ya uchochezi, na kuwa nao kukawa kosa. Lakini maneno yaliyokwisha kusikiwa hayakusanywi kama karatasi.

Mambo yakafuatana upesi. Tarehe 6 Aprili 1992 Chakufwa Chihana, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alirejea nchini akakamatwa papo hapo katika uwanja wa ndege wa Lilongwe. Mwezi Mei wafanyakazi wa Blantyre waligoma, na baadhi ya watu wakapigwa risasi wakafa. Mwezi Oktoba Banda akatangaza kura ya maoni.

Hapo ugomvi ukahamia katika jambo ambalo mtu wa mbali angeliona dogo. Serikali ilitaka masanduku mawili, kila upande na lake. Wapinzani walikataa, kwani mtu aendaye kwenye sanduku hili au lile amekwisha kuitangaza kura yake mbele ya kadamnasi. Umoja wa Mataifa uliiafiki hoja hiyo. Siku ya kura ikasogezwa kutoka Machi hadi 14 Juni 1993, na mwishowe sanduku moja likakubaliwa.

Kwa kuwa wapiga kura wengi hawakujua kusoma, hoja zilibebwa na alama, kama vile jembe na nyumba zilivyotumika Tanzania katika uchaguzi wa 1965. Chama tawala kilikuwa na jogoo mweusi, kwa Kichewa tambala. Jogoo huyo alikuwa na ukoo mkubwa katika lugha. Kwacha, yaani kumekucha, ulikuwa mwito wa wapigania uhuru. Mwaka 1971 fedha ya nchi ikaitwa kwacha, na sehemu yake ya mia ikaitwa tambala. Chama kilikuwa kimejitwalia alfajiri yenyewe. Waliotaka mageuzi walichagua taa ya chemli. Ashikaye taa akiri kwamba bado ni usiku, na hilo ndilo lililokuwa haliwezi kusemwa. Hata swali lenyewe, kwa Kichewa, lilikuwa la ngeli: chipani, chama, au zipani, vyama.

Karibu thuluthi mbili ya kura zilikuwa za taa. Kaskazini na kusini waliitaka kwa wingi mkubwa. Mkoa wa kati, kitovu cha Kichewa na nyumbani kwa Banda, ulishika jogoo. Katika uchaguzi wa 17 Mei 1994 Bakili Muluzi alipata asilimia 47 na Banda 33, na Banda akakubali kushindwa. Lakini kila mkoa ulimpa kura nyingi mtu wake: kaskazini Chihana, kati Banda, kusini Muluzi. Haielekei kuwa ni bahati tu. Amri ya 1968, iliyodaiwa kuwa ya umoja, iliwafundisha watu kujihesabu kwa lugha na mikoa, na sanduku la siri lilidhihirisha hesabu hiyo.

Mwaka huohuo wa 1994 Kitumbuka kilirudi redioni, baada ya miaka 26.