Mchezaji Akitunukiwa, Shahidi Wake ni Nani?

Tangu 1975, ligi ya NBA humtunuku mtu wa mpira wa kikapu aliyeitumikia jamii kwa njia ya pekee. Tuzo hiyo ina jina la J. Walter Kennedy, na wapigao kura ni waandishi wa habari za mchezo huo. Mchezaji Mkongo Dikembe Mutombo aliipata mara mbili, 2001 na 2009. Katikati ya miaka hiyo, 2007, ilifunguliwa Kinshasa hospitali ya vitanda 300 yenye jina la mamake, Biamba Marie. Alistahili kabisa. Ninachohoji ni utaratibu: mbona aliyelazwa katika kitanda kimojawapo hana kura?

Wabukusu wa Bungoma, nchini Kenya, walikwisha kulitafakari jambo hili la nani amshuhudie anayesifiwa. Mzee wa heshima akishazikwa, watu hukusanyika kwa ajili ya khuswala kumuse, yaani hotuba ya hadhara ya baada ya mazishi. Msemaji wake hutembea huku na huko katika uwazi aliotengewa katikati ya umati, wala hakuna anayemkatizia njia. Husimulia ukoo, huyataja aliyoyatenda marehemu, kisha huwakemea walio hai. Waliokaa pale walikula kwa marehemu na kugombana naye juu ya mipaka ya shamba, kwa hiyo sifa ya uongo haifiki mbali. Najua kumuse ni ya wazee wanaume, tena waliokufa, na sipendekezi tuihamishie uwanjani. Ninachokitaka ni mashahidi wale.

Mashahidi kama hao wapo pia katika riadha. Ukitoka mji wa Kitale kwenda kaskazini unafika Kapenguria, ambako mkimbiaji Tegla Loroupe aliandaa mbio za amani baada ya kuanzisha wakfu wake 2003. Umoja wa Mataifa umemtukuza, na ni haki yake. Lakini kijana wa Kipokoti anapoiacha bunduki nyumbani akakimbia bega kwa bega na Mturkana ambaye jana walikuwa wakiibiana mifugo, hiyo kwangu ni heshima inayoizidi medali yoyote.

Katika mpira wa kikapu, ugumu wetu ni wa aina nyingine. Bismack Biyombo, mchezaji wa NBA mzaliwa wa Lubumbashi, aliweza 2022 kutoa mshahara wake wa msimu ili hospitali ijengwe Kongo kwa kumbukumbu ya babake. Mchezaji wa Kenya, ambaye mara nyingi hutegemea kazi nyingine, atatoa nini? Atatoa Jumamosi zake. Atasimama chini ya ringi isiyo na wavu, amshike binti kiwiko, amwonyeshe hatua mbili na mahali pa kuugusisha mpira kwenye ubao. Akikosea, waanze upya. Utumishi huo hauna picha ya kupeleka Nairobi. Anayeujua ni yule binti, na mama aliyemsubiri na chakula jioni.

Basi kamati yoyote ya tuzo ikitaka kumtuza mchezaji wa Kitale au Bungoma, iende kwenye uwanja anakofundisha siku ya mazoezi. Maikrofoni apewe binti kwanza, hata kama atasema kwamba mwezi uliopita kocha hakuja.