Kwa nini bwana shamba wako havai kofia ya chama

Ndugu mkulima, ndugu mfanyabiashara, kila msimu wa kampeni naulizwa: "Bwana shamba, mbona hata kwenye WhatsApp husemi uko upande gani?" Jibu lina historia, na wazee wako wamo ndani yake.

Mwaka 1953, Gavana akiwa Edward Twining, serikali ya kikoloni Tanganyika iliwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. TANU ilipozaliwa Julai 7, 1954, wasomi wengi walioajiriwa serikalini walibaki nje. Mzigo wakaubeba wasiokula mshahara wa serikali: wakulima, wachuuzi na watu wa ushirika, kama Paul Bomani wa ushirika wa pamba kule Mwanza. Julius Nyerere naye ilimbidi achague. Mwaka 1955 akaacha ualimu Pugu.

Baada ya uhuru mambo yakageuka. Mwaka 1964 watumishi wakaruhusiwa kujiunga na TANU, na 1965 nchi ikawa ya chama kimoja. Ikawa vigumu kwa mwanakijiji kujua serikali inaishia wapi na chama kinaanzia wapi.

Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi, mpaka ukachorwa upya. Leo askari polisi na wanajeshi hawaruhusiwi kuwa wanachama. Mtumishi kama mimi anaweza kuwa mwanachama na kupiga kura, lakini asifanye siasa saa za kazi wala mahali pa kazi, asihudumie kwa upendeleo, asipeleke nyaraka za serikali kwenye chama chake.

Simu, lakini, haina saa ya kufunga ofisi. Kundi tunalopeana humo bei ya mahindi na habari za viwavijeshi, kwangu ni mahali pa kazi. Nikituma humo picha ya mgombea usiku, kesho nikiandikisha mbolea ya ruzuku, jirani yako wa chama kingine atajiuliza kama jina lake litaonekana. Akikata tamaa asije, shamba lake ndilo litakaloumia.

Kwa hiyo fanya hivi:

- Siasa zako ni haki yako, ila zipeleke kwenye kundi lingine.
- Usinipe fulana wala kofia ya chama nikiwa kazini.
- Mtumishi akikuuliza chama chako kabla ya kukuhudumia, andika tarehe na alichosema, umwone mtendaji wa kijiji. Usiposikilizwa, nenda kwa mkurugenzi wa halmashauri.

Hata kama mtumishi huyo ni mimi.